Kofia za kimama kwenye meli: uvae lini, uvue lini, na upepo ukija ufanyeje

Mi nakodisha kofia za sherehe hapa Mwanza, zile chepeo kubwa za kimama, pama na fasineta, yaani kile kipambo kidogo cha kubana kwenye nywele, na nyingi nilianza kuziokota moja moja kwenye mitumba pale Mlango Mmoja, si unajua robota likifunguliwa watu wanakimbilia magauni na pochi, kofia zinabaki chini zinakanyagwa, basi mi nainama kule kule chini. Sasa juzi kaja mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, binti yake yuko Uingereza kamkatia nafasi kwenye meli ya kitalii inayoondokea Southampton, wiki nzima majini, na mama anataka kofia tatu. Nikamuuliza, mama umeshawahi kuvaa kofia kama hii kwenye meli? Akaniambia mwanangu mi nimeanza kupanda meli ya Bukoba wewe hujazaliwa. Nikasema shikamoo mama, sijauliza kupanda, nimeuliza kofia. Akacheka akavuta stuli akakaa, na tulikaa mpaka jua likaanza kuingia dukani. Naandika hapa yale niliyomwambia kwa sababu hata wadada wa sendofu za kwenye boti nao wananiuliza yale yale kila mwisho wa wiki.

Cha kwanza ujue umevaa kofia gani maana sheria zinatofautiana. Kofia ya sherehe ya mwanamke inahesabika ni sehemu ya vazi, imepangiliwa na gauni, imebanwa kwenye nywele na vibanio, kwa hiyo ukiingia ndani huvui. Ndani ya kanisa huvui, kwenye chakula cha mchana cha heshima huvui, wimbo wa taifa ukipigwa unasimama wima na kofia yako kichwani. Mwanaume ndo anavua, na hapo nasemea kofia za kizungu, mzee na baragashia yake usimguse, ile ina adabu zake nyingine kabisa. Lakini kofia ya jua, ile ya ukili au ya kitambaa unayovaa ili usiungue, hiyo ni mwavuli tu wa kichwani, ukiingia ndani kazi imeisha, ivue. Na kapelo ndo kabisa, dada ukivaa kapelo unafuata sheria za wanaume, unavua mezani, unavua kwenye wimbo wa taifa, usiniambie mimi mwanamke. Meli nyingi za kitalii haziruhusu kapelo kwenye ukumbi wa chakula cha jioni, kwa mtu yeyote. Kilemba na hijabu siviongelei hapa kwa sababu sio kofia, hakuna mhudumu wa meli wala bibi wa meza ya jirani mwenye haki ya kukuambia vua mtandio wako.

Sasa wengi wakishasikia "mwanamke havui" wanaishia hapo hapo, na fujo inaanzia hapo. Huvui, sawa, ila yule aliyekaa nyuma yako naye kalipa. Kofia ni yako mpaka pale ukingo wake unapoanza kuingia kwenye macho ya mtu, au sahani ya mtu, au sikio la mtu. Chepeo yangu kubwa kuliko zote, ile ya bluu, nimeipima na futi ya fundi cherehani ina sentimita 52 kutoka ukingo mpaka ukingo, na kiti cha meli hakifiki hapo, maana yake umekata tiketi moja unakalia viti viwili. MV Mwanza, ile meli kubwa ya ziwani kwetu, inabeba abiria 1,200 kwenye mita 92.6 za urefu, piga hesabu mwenyewe kila mama akija na sentimita zake 52. Kwa hiyo kwenye ukumbi wa maonyesho, kwenye viti vya kukaa vya daraja la pili, kwenye ibada ya melini, popote ambapo watu wamepangwa mstari nyuma ya mstari wanaangalia mbele, kofia yenye ukingo mpana unaivua kabla hujaambiwa na unaiweka mapajani. Ukisubiri mpaka mtu akuguse bega ushachelewa. Fasineta ndogo iliyolala upande mmoja haina shida, kaa nayo.

Hii kero wala sio mpya, wanawake wa Marekani na Ulaya zaidi ya miaka mia iliyopita walikuwa na makofia kama sinia la pilau, na pini zake ndefu kama sindano ya kushonea magunia, mpaka mji wa Chicago mwaka 1910 ukapitisha sheria ya kuzuia pini za kofia zinazochomoza kwa sababu zilikuwa zinachoma watu kwenye tramu. Pini. Za kofia. Zimetungiwa sheria. Kwa hiyo nikikwambia ufunike ncha usinione nakusumbua.

Halafu kuna saa. Kofia ya ukingo mpana ni ya mchana, na ukifikiria ni akili ya kawaida tu, ukingo kazi yake kivuli, sasa saa 2 usiku unajikinga na nini, mwezi? Desturi ya kizungu inakata pale saa 12 jioni, na meli zenye mambo ya kizamani kama za kampuni ya Cunard ya Uingereza mavazi ya jioni nayo yanaanza saa 12 hiyo hiyo. Kuanzia hapo kama unataka kitu kichwani kiwe kidogo, fasineta, kikofia kisicho na ukingo, ua, kitana chenye shanga. Usiku wa gauni refu hakuna anayetegemea chepeo. Yule mama alikuwa kaona picha za Ascot mtandaoni, akaniuliza mbona wale kofia zao kubwa hivyo na kuna sheria ya sentimita 10, nikamwambia hiyo ni ya mashindano ya farasi, kwenye jukwaa lao lile la kifalme kichwa chako lazima kiwe na kitu chenye kitako cha sentimita 10 au zaidi, na ni mchana. Kwenye meli hakuna anayekupima. Waingereza pia fasineta wanaiweka upande wa kulia, ukitaka kufuata fuata, ila kama nywele zako zimesukwa kuelekea kulia na ua linakaa vizuri kushoto mi siwezi kukuharibia msuko kwa ajili ya hilo.

Nije kwenye upepo sasa, maana hapa ndo hela yangu inapopotelea.

Watu wanaangalia ziwa limetulia kama chai kwenye sahani wanasema leo hakuna upepo. Meli ikitembea kilomita 20 kwa saa, hata ziwa liwe kimya kabisa, wewe uliyesimama mbele una upepo wa kilomita 20 usoni, umetengenezwa na meli yenyewe. Zile kubwa za kuvuka Atlantiki, kama Queen Mary 2 ya Southampton kwenda New York, zinapita hata kilomita 35 kwa saa, na hapo hujajumlisha upepo wa bahari yenyewe. Huku kwetu ukijumlisha na saa za ziwa ndo utaelewa, asubuhi mapema hewa inatoka nchi kavu kwenda majini, inakuwa laini, ila ikifika mchana nchi imepata joto kuliko maji, hewa ya moto inapanda na ile ya ziwani inakuja kujaza nafasi, hapo saa 8, saa 9, ndo muda ambao watu wa sendofu wamepanga picha. Kila mara. Picha za kofia piga asubuhi, au piga boti ikiwa imefungwa gatini.

Mwaka jana nilienda na kofia zangu 11 kwenye boti moja ya kukodi, sitaitaja, tuliambiwa ina paa na itatembea taratibu, tumefika paa ni turubai limefungwa na kamba za katani upande mmoja tu na yule kijana wa injini alikuwa na haraka zake. Tumetoka Capri Point vizuri, tunakaribia lile jiwe la Bismarck ili bibi harusi apigwe picha, boti ikakata kona. Mama wa bwana harusi alikuwa na pama ya rangi ya maziwa, nimembana mwenyewe na vibanio sita, na niliridhika kabisa. Kumbe nimebana kwenye wigi. Kofia haikutoka, nasema kweli, ile kofia haikuachia hata kibanio kimoja, iliondoka na wigi lake zima vikiwa vimeshikana kama mtu na nyumba yake, vikatua majini vikaelea vimekaa wima. Boti nzima kimya. Mama wa watu kakaa na ile mistari yake ya msuko wa chini ya wigi na kisoksi cheusi, akaangalia maji, akaangalia mimi, akavuta mtandio wa mkwewe akajifunga kilemba kimoja kizuriii, akasema endesheni. Picha zake ndo zilitoka bora kuliko za wote. Mi nilirudi na kofia 10.

Basi toka siku ile nabana hivi. Kama una wigi, kwanza wigi lenyewe libanwe kwenye mistari ya chini, halafu kibanio cha kofia kipite wigi kiingie mpaka kwenye msuko, ukivuta kofia kidogo usikie ngozi ya kichwa inajibu. Kama una rasta au yebo yebo una bahati, kitana cha kofia kinauma pale vizuri kabisa. Nywele fupi za asili tumia lastiki, ile nyembamba ya duara, na isipite kidevuni kama mtoto wa chekechea, inapita nyuma ya kichwa chini ya kisogo, ipake wino wa rangi ya nywele kama inaonekana. Pini ndefu inaingia kwenye kofia, inachota nywele, inatoka kwenye kofia tena, na ncha unaichomeka kwenye kipande cha kifutio cha penseli, cha shilingi mia mia, ili asije mtu akakukumbatia akatoboka shavu. Na ukiwa nje simama upande ambao upepo haupigi, nyuma ya vyumba, sio pale mbele kwenye kona. Ukisikia ukingo unaanza kunyanyuka tu, usishindane, ivue. Kofia mkononi bado ni vazi.

Na ikiondoka, iache iende. Nalisema hili kama mwenye kofia. Usiinamie chuma za pembeni, usipande ngazi ya chini kuinyooshea mkono, na usimtume mtoto. Nitakudai hela ya kofia na tutasahau.

Salamu. Hapa wazungu hawana la kutufundisha kwa sababu wao hawapigi magoti. Kwa kwetu Usukumani, na ukifika Bukoba kwa Wahaya ndo usiseme, binti akikutana na mkubwa anashuka chini, mwangaluka mayo, na ukishuka na chepeo ya sentimita 52 yule mkubwa haoni uso wako, anaona sinia linamsalimia. Kwa hiyo unashuka taratibu, mkono wa kushoto unashika ukingo wa mbele unaunyanyua kidogo, wa kulia ndo wa salamu, kidevu juu. Mkono wa kulia usiushughulishe na kofia kabisa. Kama ni kwenye meli na inayumba, shika chuma kwanza, piga goti nusu, mkubwa mwenye akili ataelewa. Kukumbatiana, mwenye kofia kubwa ndo anatangulia kuinamisha kichwa upande, kulia kwangu kushoto kwako, na kama wote wawili mna kofia kubwa achaneni na mashavu, shikaneni mikono mcheke inatosha.

Mezani. Chakula cha mchana unaruhusiwa kukaa nayo, ila meza ya melini ni ya watu nane na mabega yanagusana, kwa hiyo mi nashauri kubwa ivue na usiiweke mezani, wala kwenye kiti cha jirani ukidhani hakuna mtu. Iwe chini ya kiti chako juu ya pochi, au umpe mhudumu. Kwenye bafe usiiname na ukingo mpana juu ya sinia la sangara, nimeona kwa macho yangu manyoya ya kofia yameingia kwenye mchuzi na foleni yote nyuma imeona na mwenyewe ndo peke yake hajui. Kama kofia ina kile kinyavu cha usoni, kinyanyue kabla ya kula na kabla ya kunywa, na huku kwetu kinyanyue au kitoe kabisa jua likianza kuzama, kwa sababu ya vile vidudu vya ziwani. Mgeni asiyevijua anaona kwa mbali kama moshi mweusi umesimama juu ya maji, anapiga picha, meli ikiingia humo ndani ndo anajua sio moshi. Vinafuata taa, vinajaa kwenye kinyavu kama dagaa, na ukivifikicha vinaacha alama ya kijani kwenye kitambaa cheupe ambayo sijapata sabuni yake mpaka leo. Visubiri vife, vikauke, vipulize.

Usalama ni mfupi. Zile meli za nje zina zoezi la dharura ambalo kisheria lazima lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu zinapoondoka, usiende na kofia, jaketi la kuokolea linaingia kichwani na kofia inakuwa ya kwanza kulizuia. Huku kwetu ni hivyo hivyo, boti ya kwenda Saanane, kivuko cha Kamanga, kofia inavuliwa kabla hujakanyaga ubao, mkono mmoja uwe wazi wa kushika, na jaketi livae juu ya gauni hata kama linaharibu picha. Zamani misafara ya harusi ya upande wa Sengerema na Geita ilikuwa inakaa foleni pale Kigongo inasubiri pantoni, mama wakwe wamekaa na kofia kwenye Noah zinapinda kwenye dari, siku hizi toka daraja lifunguliwe Juni 2025 wanapita tu, ila wanaopita kwa maji bado wapo na ndo wateja wangu.

Kuisafirisha. Kama unaenda harusi Bukoba na meli ya usiku, usipande umeivaa, meli inaondoka usiku na kufika asubuhi, nani anakuangalia. Ichukue kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ile ya lita 20 inatosha kofia ya kati, sicheki, ni nzuri kuliko maboksi ya maua yanayouzwa madukani kwa sababu haipondeki na mtu akiweka mkungu wa matoke juu yake haiumii. Kwa ndege kama yule mama, kofia inalala kichwa chini ndani ya begi, tumbo lake unalijaza soksi na nguo za ndani, pembeni unazungushia blauzi laini ili ukingo usibaki hewani. Pini ndefu ziende kwenye begi la mzigo, usiende nazo mkononi. Ukifika ukakuta imepinda, chemsha maji, ishike juu ya mvuke wa birika kidogo tu, inyooshe na vidole, iache ipoe ikiwa juu ya bakuli. Zile za sinamei, kile kitambaa kigumu chenye matundu kama wavu, zinatii haraka sana, na za parasisal pia, hiyo parasisal kwa taarifa yako ni mkonge, nyuzi kama zile zile zinazolimwa Tanga, unaenda Ulaya nyuzi unarudi kwenye robota kofia. Ikilowa maji ya ziwa au ya mvua usiikamue wala usiianike juani, igeuze kichwa chini, ijaze taulo, kivulini siku nzima. Na melini ukilala usiiweke kitandani, kuna watu, Waitaliano hasa, wanaamini kofia kitandani ni mkosi, lakini sababu yangu mi ni nyingine, utaikalia.

Yule mama mwisho alichukua mbili, sio tatu. Fasineta nyeusi ya jioni, na pama ndogo ya bluu iliyoiva ya mchana, ukingo sentimita 7 tu. Ile kubwa aliijaribu mara nne mbele ya kioo, akaizungusha, akauliza kwa hiyo hii nitaivaa wapi, nikamwambia mama hiyo ivae siku ukirudi, tukikupokea uwanja wa ndege, nitakuletea mwenyewe. Akaniachia amana ya elfu 40. Wiki ya safari na siku tatu za kupumzika sidai kitu, kuanzia siku ya nne ni elfu 5 kwa siku, mama kama unasoma hii jana ilikuwa ya nne.